Kalunguyeye Nyuma ya Farasi

Jumatatu, 27 Oktoba

Siku kubwa. Nimempeleka Jule chekechea asubuhi, kwa kuwa mama yake alikuwa na zamu ya mapema hospitalini. Mlangoni kumebandikwa tangazo lenye mapambo ya majani ya mwaloni. Nimelisoma mara mbili. Kila mtoto alete boksi tupu la jibini, lile la mviringo. Alhamisi tarehe sita, alasiri, watoto watatengeneza taa zao za karatasi, kila mtoto na mtu mzima mmoja. Jumanne tarehe kumi na moja, giza likiingia, ni msafara wa taa wa kila mwaka, nyuma ya farasi wa mtu aliyevaa kama Mtakatifu Martin.

Mtu mzima mmoja. Hilo neno "mmoja" limepigiwa mstari.

Huyo mmoja ni mimi. Nina miaka sitini na sita, nina afya, nina mkasi. Miaka thelathini na minne nimeendesha lori, Rotterdam mpaka Milano na kurudi. Kila Novemba mwanangu Torben alipobeba taa yake, mimi nilikuwa nimekwama kwenye foleni mahali fulani milimani. Sikuona hata taa moja. Sasa Jule, binti yake, ana miaka mitano, na mwakani anaanza shule. Huu ndio msafara wake wa mwisho wa chekechea. Sitaukosa.

Tulipokuwa tunavua viatu nimemuuliza anataka taa ya umbo gani. Akasema kiazi. Nikauliza tena, nikidhani sikusikia vizuri. Kiazi, Babu. Kile cha kula.

Nimemwambia tutaona.

Jumanne, 28 Oktoba

Kuna mpinzani. Anaitwa Hannelore Grotehus, mama yake Mareike, ambaye ni mke wa Torben. Yaani ni bibi wa Jule wa upande wa pili. Amefundisha kazi za mikono shule ya msingi miaka arobaini. Hukata duara bila kulichora kwanza. Nimeliona kwa macho yangu, kwenye sherehe ya kuzaliwa kwa Jule, na watu wazima wenye akili zao walipiga makofi.

Nimempigia Mareike simu kumwambia niko tayari kwa ile Alhamisi. Akasema mama yake naye yuko tayari, tena alishasema tangu Agosti. Nikamwambia Agosti hakuna mtu anayewaza taa, watu wanawaza kuogelea. Mareike ni muuguzi na ana sauti fulani ya kuongea na wagonjwa wakaidi. Kwa sauti hiyo akasema Jule atachagua mwenyewe.

Vizuri. Achague. Mtoto hahongeki.

Nimekaa jikoni na kuchora. Si kiazi. Nani atageuza shingo kutazama kiazi? Nimechora kalunguyeye. Mviringo, pua nyeusi, miba mia tatu ya karatasi ya kahawia, kila mmoja umekunjwa kwa mkono. Mgongoni majani mekundu na ya manjano, kana kwamba ameamka sasa hivi chini ya mti. Urefu sentimita themanini. Nimesisimka mpaka supu imeungua na sufuria nimeitupa.

Ijumaa, 31 Oktoba

Mpango wa kwanza umetimia leo kabla ya saa sita mchana.

Nilifikiri hivi. Taa husimama juu ya boksi la jibini: boksi chini, boksi juu, karatasi ya kupitisha mwanga katikati. Bila boksi hakuna taa. Kesho ni sikukuu ya Watakatifu Wote, maduka yamefungwa. Kesho kutwa ni Jumapili, yamefungwa. Jumatatu yatafunguliwa, lakini mzigo mpya wa jibini hauji hapa Niederwalden mpaka Alhamisi. Mambo ya mizigo nayajua. Kwa hiyo atakayenunua jibini lote la mviringo leo ndiye atakayeshika taa zote za mji mkononi mwake.

Nimezunguka maduka yote matatu. Nimepata jibini ishirini na sita. Dada wa kaunta akaniuliza kama nina wageni. Nikamwambia wengi, tena Wafaransa.

Hannelore na ajaribu kukata duara sasa.

Friji haifungi. Mengine nimeyapanga nje kwenye kizingiti cha dirisha.

Jumapili, 2 Novemba

Nimekula jibini asubuhi, mchana na jioni kwa siku mbili. Lazima maboksi yawe matupu ifikapo kesho, na nimelelewa nisitupe chakula. Jirani wa juu ameshuka kuniuliza kwa upole kama kuna mnyama amefia humu ndani. Nikampa jibini nne. Alizipokea kama mtu anayepokea mtoto mchanga asiye wake.

Torben amemleta Jule kwa chakula cha mchana. Nilikuwa nimeuficha mchoro chini ya kitambaa. Baada ya kula nikafunua. Nilikuwa nimepaka rangi na kila kitu.

Jule aliutazama muda mrefu. Kisha akauliza kiazi kiko wapi. Nikamwambia kiazi kiko tumboni mwa kalunguyeye, amekila. Akasema basi huyo kalunguyeye ni mbaya.

Nikaona bora niulize moja kwa moja. Alhamisi anakwenda na nani? Hakufikiri hata kidogo. Na Bibi Hannelore. Nikauliza kwa nini, kwa sauti ya mtu ambaye hajali. Akasema, "Kwa sababu Bibi ananiacha nikate mwenyewe."

Torben akaanza kutazama viatu vyake.

Nimelichambua jibu hilo jioni nzima. Ni wazi kwamba Hannelore amemwahidi kitu. Pengine baiskeli.

Jumatatu, 3 Novemba

Ushindi, wa aina fulani.

Saa mbili asubuhi nimeingia chekechea na magunia mawili. Bi Wiebke Stallmann ndiye mwalimu wa kundi la Jule, mwanamke mrefu mwenye gundi iliyokauka kwenye nywele. Nilipomwonyesha maboksi ishirini na sita aliweka mkono kifuani. Alisema wazazi wengi wamelalamika kwamba jibini limeisha madukani, hakuna anayejua kwa nini. Nikatikisa kichwa kwa masikitiko. Kisha harufu ikamfikia. Akanishukuru tena, akafungua madirisha yote, na maboksi yakapelekwa banda la baiskeli yapigwe na upepo.

Hapo hapo nikaomba niwepo siku ya Alhamisi. Akasema ni mtu mzima mmoja kwa kila mtoto, viti havitoshi. Nikasema nitasimama. Akasema na nafasi ya kusimama haitoshi. Nikayatazama magunia yangu matupu, nikashusha pumzi, nikayakunja polepole sana. Akasema basi, anahitaji mtu wa kukata karatasi pale ukumbini karibu na makoti.

Nimeingia.

Nikiwa natoka nikakutana na Hannelore getini, amemleta Jule. Nikashindwa kujizuia. Nikamuuliza kama amefanikiwa kupata boksi, maana nasikia hali ni ngumu. Akasema hapana, yeye hatumii boksi. Hupuliza puto, hulibandika vipande vya karatasi kwa gundi ya unga, likikauka hutoboa puto na kulitoa. Maboksi aliyaacha mwaka 1987.

Jibini ishirini na sita.

Alhamisi, 6 Novemba

Nitaandika kama ilivyotokea.

Alasiri chekechea ilijaa. Vibakuli kumi na viwili vya gundi, watoto ishirini na wawili, harufu ya maganda ya machungwa na, kwa mbali, ya jibini. Mimi nilikuwa ukumbini chini ya makoti, nakata karatasi nyekundu, ya manjano, ya rangi ya kutu. Kila baada ya dakika tano nilibeba chache ndani, hata kama hakuna aliyeziomba, ili nimwone adui anafanya nini.

Hakuwa anafanya kitu. Hilo ndilo lililonishangaza. Mwalimu wa miaka arobaini alikaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yamefika masikioni, mikono imelala mapajani, huku Jule akikata peke yake na kubandika peke yake. Vipande vilikuwa vya upande upande. Puto lilikuwa limefunikwa kwa karatasi ya mifuko ya mkate, kahawia tupu, na lilikuwa na vinundu. Kiazi kweli. Jule alikuwa ametoa ulimi nje kwa bidii. Hannelore alisema tu, mara moja moja, "Na hapa je, unaonaje?" Basi.

Upande wa chini karatasi moja ilikuwa imechomoza. Kidogo tu, kama ncha ya sikio. Mtu yeyote angetaka kuipunguza. Nilikuwa napita na mkasi mkononi. Nikainama.

Puto likapasuka kwa mlio uliogeuza vichwa vyote chumbani. Gundi ilikuwa bado mbichi. Kiazi kikakaa sekunde moja hewani, halafu kikanywea chini kama soksi.

Sikukusudia. Naandika humu ambamo hakuna anayesoma: sikukusudia.

Jule hakupiga kelele. Alikitazama. Macho yakajaa maji, lakini hayakumwagika, na hilo lilikuwa baya zaidi. Hannelore akasema mbele ya wazazi wote, kwa sauti ile ya darasani, "Babu Jule, weka mkasi chini." Nikauweka chini. Niliuweka ndani ya gundi.

Mareike alipofika kumchukua mtoto akaelezwa. Hannelore akasema wanaweza kuanza upya Jumamosi nyumbani kwake. Ndipo Jule akajifuta pua na kusema, bila hasira, kama hakimu: "Babu amekivunja. Babu atakitengeneza."

Watu wazima wakatazamana.

Nilirudi nyumbani. Nilikuwa na huzuni kubwa mpaka kama saa kumi na moja. Kisha nikatambua kwamba taa ya Jule sasa iko mikononi mwangu peke yangu, na nikaenda kununua karatasi ya kahawia.

Jumamosi, 8 Novemba

Miba mia na arobaini. Vidole vimekufa ganzi. Sijawahi kuwa na furaha hivi tangu nilipopewa lori jipya mwaka 1998.

Kiunzi ni waya wa kuku. Juu yake karatasi ya kupitisha mwanga, tabaka mbili, rangi ya kahawia. Juu yake miba, imefungwa kwa uzi, safu kwa safu. Ndani balbu mbili za betri, si moja. Macho ni vifungo vya koti langu la kazi.

Tatizo moja. Miba haing'ai. Kalunguyeye wa kweli ana mng'ao kama viatu vya Jumapili, huyu wangu ni kama amepaushwa na jua. Nikajaribu rangi ya maji, ikachuruzika. Nikajaribu mafuta ya kupikia, karatasi ikawa kama ya kufungia samaki. Nikakaa kula kifungua kinywa, vibibi vya viazi na shira ya viazisukari, ile nyeusi nzito. Nikatazama kijiko. Shira ikaning'inia kwenye kijiko, nyeusi, inang'aa kama lami mpya.

Nikachukua brashi.

Jumapili, 9 Novemba

Mzuri mno. Nimezima taa za jikoni nikawasha balbu zake, nikakaa mbele yake na kahawa mpaka ikapoa. Miba mia tatu na saba, yote inameta. Bado inanata kidogo. Itakauka.

Torben amepita kurudisha ngazi. Akasimama mlangoni, akatazama. Akaniuliza, "Baba, Jule si alisema kiazi?"

Nikamwambia ukisimama nyuma yake, anafanana na kiazi.

Akazunguka nyuma. Akarudi. "Hafanani."

Nikamwambia mtoto bado hajui kinachowezekana duniani. Akishaona kalunguyeye wa miba mia tatu na saba, kiazi atakisahau. Torben akasema taa ya kiazi ni kazi ya dakika kumi, nimtengenezee tu. Nikamuuliza kama kuna mtu duniani anayekumbuka taa ya dakika kumi.

Akasema yeye anaikumbuka moja. Ilikuwa mwezi wa kadibodi ya njano, jirani alimsaidia kuukata, na betri iliisha kabla ya kufika kanisani. Alisema hivyo akigusa mwiba mmoja kwa kidole. Kidole kikanasa. Tukacheka wote wawili, nikamletea maji ya moto.

Alipoondoka nikaongeza majani sita zaidi mgongoni.

Jumatatu, 10 Novemba

Pigo, kisha mbinu. Nani aliwahi kushinda bila mbinu?

Nimempeleka Jule na kumuuliza Bi Wiebke msafara utapangwaje. Pa maana ni mahali pamoja tu: nyuma ya farasi. Hapo ndipo mji wote hutazama. Bi Wiebke akasema mbele wanatembea wadogo kuliko wote, wa miaka mitatu, ili msafara uende mwendo wao. Wakubwa kama Jule wako nyuma kabisa, karibu na gari la zimamoto.

Nyuma kabisa. Kalunguyeye wangu atazame mgongo wa mji.

Nikamweleza kwamba taa ya Jule ni ndefu, inahitaji nafasi. Akasema nyuma kuna nafasi tele. Nikamweleza kwamba Jule anapenda sana farasi. Akasema watoto wote wanampenda farasi, ndiyo maana kuna utaratibu. Akaniomba radhi, ana shughuli nyingi, na bado hajapata mtu wa beleshi.

Nikamuuliza beleshi gani.

Basi nikaelezwa. Kila mwaka mtu mzima mmoja hutembea nyuma ya farasi, hatua mbili, na ndoo na beleshi, kwa ajili ya kinyesi. Mwaka huu hakuna aliyejitolea. Wazazi wote ghafla wana migongo mibovu.

Hatua mbili nyuma ya farasi. Nilipandwa na furaha mpaka nikamshika mkono kwa mikono yote miwili. Nikamwambia nitaifanya kazi hiyo, kwa sharti mjukuu wangu atembee pembeni yangu. Akanitazama kama anayeona wema wa watu kwa mara ya kwanza. Akaniambia, "Bwana Pohlkamp, watu kama wewe hawapo tena."

Nami naona hivyo hivyo.

Jumanne, 11 Novemba

Sasa ni saa tatu usiku na bado nina shira kwenye nyusi. Niandike kabla sijasahau hata kipande.

Saa kumi na moja tulikusanyika uani kwa chekechea. Baridi kavu, moshi wa kuni, taa kila mahali: kunguru, uyoga, maboga, mwezi, majani ya kila rangi. Nikamfunua kalunguyeye. Watoto wakaja mbio. Mmoja akauliza kama anauma. Nilisikia mama mmoja akimnong'oneza mwenzake, na nina hakika lilikuwa neno la sifa.

Nikampa Jule. Aliinua uso, akamtazama kuanzia pua mpaka mkia. Akasema, "Hiki si kiazi." Akasema kwa adabu, kama mtu aliyeletewa sahani ya mwenzake hotelini. Akajaribu kumnyanyua. Fimbo ikapinda kama fimbo ya kuvulia samaki, kalunguyeye akatua chini, na jani moja la mwaloni likang'oka. Waya wa kuku una uzito wake. Sikuwa nimeupima.

Kwa hiyo nikambeba mimi. Mkono wa kushoto kalunguyeye, wa kulia beleshi, ndoo imening'inia kiwikoni. Jule akaenda kushika mkono wa Hannelore, ambaye alikuja na kofia ya manyoya. Aliuliza tu, "Na wewe unaona barabara, Babu Jule?" Nikasema naona vizuri. Sikuwa naona kitu.

Farasi anaitwa Bruno, ni mkubwa kama kabati la nguo. Mwenye farasi, Bi Verhoeven, ndiye aliyekuwa Martin mwaka huu, amevaa kofia ya chuma na joho jekundu. Tukaondoka. Bendi ya zimamoto ikapiga, watoto wakaimba, watu wakatoka madirishani. Bruno akanipa kazi mara mbili kabla hata hatujafika kwenye daraja. Sikujali. Nilikuwa nyuma ya farasi. Nilikuwa mahali ambapo Novemba thelathini na nne sikuwepo. Nikawa nageuka huku na huku ili watu wa pande zote mbili wamwone.

Tukafika uwanja wa kanisa. Hapo msafara husimama. Kulikuwa na moto, na ombaomba ameketi kando yake amejifunika gunia. Bendi ikanyamaza. Hii ndiyo sehemu ambayo mji mzima hushika pumzi: Martin anachomoa upanga, anakata joho lake vipande viwili, anampa maskini kimoja. Hata watoto wa miaka mitatu walinyamaza.

Katika kimya hicho nikasikia mtu anatafuna.

Nilikuwa nimesogea ubavuni mwa Bruno ili moto ummulike kalunguyeye, naye alikuwa amegeuza shingo. Mdomo wake ulikuwa umezama mgongoni mwa kalunguyeye, na macho ameyafumba. Nikamvuta kalunguyeye. Bruno akamvuta. Siwezi kumkemea farasi wa mtakatifu katikati ya uwanja. Nikamnong'oneza aache, nikamwita mheshimiwa. Akalamba safu nzima ya miba, kuanzia mkiani mpaka kichwani, kwa ulimi mmoja, na kabla Martin hajamaliza kukata joho, safu zote za upande wa kulia zilikuwa zimekwisha. Akaanza za kushoto. Nikamsukuma kwa mpini wa beleshi, akadhani namkuna.

Hakuna aliyekuwa akimtazama ombaomba tena. Ombaomba mwenyewe alikuwa akimtazama Bruno, nusu ya joho mkononi. Bi Verhoeven akainama kutoka juu ya tandiko na kuniuliza kwa sauti ya chini nimepaka nini humo. Nikamwambia shira ya viazisukari. Akasema, "Mungu wangu. Hiyo ndiyo roho yake."

Bruno alipotosheka alipumua kwa nguvu na kunipaka shira uso mzima. Mikononi mwangu palibaki tonge. Miba hakuna, pua hakuna, majani hakuna, jicho limebaki moja, likaanguka nilipolitazama. Nusu ya waya ilikuwa imechomoka na kubaki kwenye lami. Donge la karatasi ya kahawia, limebonyea hapa na kuvimba pale, lina alama za meno, na ndani yake balbu mbili bado zinawaka.

Nikatafuta mahali pa kulificha. Sikuweza kumtazama mtoto. Kwa mara ya pili ndani ya wiki moja nimemharibia taa, na safari hii mbele ya mji mzima, padri na zimamoto.

Nikahisi mtu ananivuta koti. Jule alikuwa amemwacha bibi yake. Alisimama mbele yangu, mdomo wazi, mwanga wa lile donge umejaa usoni. Akasema polepole:

"Babu. Ni kiazi."

Akanyoosha mikono yote miwili. Nikampa. Bila nusu ya waya na bila miba lilikuwa jepesi. Akalinyanyua juu ya kichwa na kugeuka kwa wenzake. "Kiazi changu! Farasi amekimenya!"

Hannelore akaanza kucheka. Sijawahi kumsikia akicheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi za kanisa na kofia ikamteleza, akanyoosha mkono nimwinue. Nilimwinua, tukanasa, ikabidi Mareike atutenganishe na taulo ya mtoto.

Bendi ikaanza tena. Torben akaja kutoka nyuma, akanitazama na beleshi langu. Akasema, "Baba, nipe hilo. Wewe mshike mtoto mkono."

Nikampa beleshi na ndoo. Jule akanipa mkono wake wa kushoto, na wa kulia akabeba kiazi. Tulitembea hivyo mpaka chekechea, nyuma ya farasi, vidole vyetu vimegandana kwa shira. Betri haikuisha. Pale ukumbini tulipewa mikate ya umbo la mtu, yenye kiko cha udongo mdomoni. Jule aliukata wake katikati na kunipa upande wa miguu. Nikafuta macho, nikawaambia ni moshi.

Ijumaa, 14 Novemba

Gazeti la wilaya limetoa picha. Jule, Bruno, kiazi, na kiwiko changu. Chini wameandika kuwa taa iliyopendwa zaidi mwaka huu ilikuwa kiazi. Nimenunua nakala saba. Nimemwandikia mhariri barua kumweleza kwamba wazo la kiazi lilikuwa langu tangu mwanzo, na kwamba matumizi ya farasi katika kumalizia kazi ni mbinu yangu mpya.

Nimekaa pia na kujitafakari, kama Mareike alivyonishauri. Nimekubali kosa. Kosa lilikuwa waya. Ungekuwa mwembamba, Jule angeweza kumbeba kalunguyeye mwenyewe na Bruno asingemfikia.

Jioni Hannelore amepiga simu. Alikuwa mpole kabisa, aliniita Ansgar. Upepo umepukutisha mti wa mbele ya dirisha la Jule, hakuna jani lililobaki, na mtoto ana huzuni. Anataka jani la karatasi la kubandika kwenye kioo. Jani moja, la manjano. Ametaka tukae watatu Jumapili, mkasi mmoja mezani, na mkasi huo ashike Jule. Hannelore akanieleza sharti hilo mara mbili na kuniuliza kama nimelielewa.

Nikamwambia nimelielewa vizuri sana. Nikakata simu nikavaa koti, nikaenda nyumbani kwa akina Jule, eti kurudisha bakuli lao, na nilipokuwa pale nikapima dirisha.

Yanaingia majani mia nne. Nimekata sitini na tatu hadi sasa. Mtoto bado hajui kwamba anataka mia nne.